BWANA SHAMBA ANAJIBU: Maji ya Batiki Tuyamwage Wapi?

Mwezi huu nimepata barua mbili kutoka kijiji kimoja cha wilaya yetu ya Mpwapwa. Jina la kijiji sitalitaja, kwa sababu ugomvi wao bado haujaisha, na mimi sitaki kuumwagia mafuta ya taa.

Barua ya kwanza imeandikwa na katibu wa kikundi cha akina mama 12 wanaotengeneza batiki. Anasema kazi yao inaendelea vizuri. Vitambaa vyao vinanunuliwa mjini Mpwapwa na Dodoma. Wengine wameweza kununua mabati, na wengine wanalipia watoto mahitaji ya shule. Sasa wameambiwa waache kazi hiyo. Anauliza kama ni halali.

Barua ya pili imetoka kwa mzee mmoja wa kamati ya maji. Anasema visima vya mchangani vilivyo chini ya nyumba ya kikundi vimebadilika. Maji yanateleza mkononi kama maji ya sabuni. Siku moja yalikuwa na rangi ya zambarau. Mboga za watu wawili waliomwagilia kwa maji hayo zimekauka pembeni mwa majani. Mzee anataka serikali ya kijiji ifunge kazi ya batiki kabisa.

Ndugu wasomaji, wote wawili wana haki. Ndiyo maana nimeona nisiwajibu kwa barua ya faragha. Vikundi vya batiki viko vingi. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, yaani SIDO, lilianzishwa mwaka 1973, na kazi ya batiki ni moja ya kazi ambazo limefundisha akina mama katika mikoa yetu. Basi jambo la kijiji hiki laweza kuwa jambo la kijiji chako.

Nitasema wazi tangu mwanzo. Kumwaga maji ya rangi korongoni kukome leo. Lakini kazi ya batiki isikome.

NINI KIMO NDANI YA MAJI HAYO

Asiyejua kazi hii hudhani kwamba uchafu wa maji ya batiki ni rangi tu. Sivyo. Tuangalie kazi yenyewe.

Fundi huchukua kitambaa cha pamba. Huyeyusha nta ya mishumaa na kuchora maua juu ya kitambaa. Mahali penye nta rangi haiingii. Kisha huweka maji ya moto katika beseni. Hutia rangi, hutia kostiki soda, na hutia unga mweupe uitwao haidrosalfaiti. Kitambaa huchovywa humo. Kikitolewa mara nyingi rangi yake huwa si ile inayotakiwa. Kikikaa hewani kidogo rangi hubadilika mbele ya macho yako, na rangi ya kweli hutokea. Wageni wengi hushangaa wakiona hivyo.

Siri yake ni hii. Rangi ya aina hii, iitwayo rangi ya vati, kwa kawaida haiyeyuki katika maji. Kostiki na haidrosalfaiti huilazimisha iyeyuke ili iingie ndani ya nyuzi. Hewa ikiigusa, hurudi kuwa chembe ngumu na kunaswa humo humo ndani ya nyuzi. Ndiyo maana haitoki kwa kufua. Wazee wetu waliovaa kaniki waliijua rangi ya nili. Nili nayo ni rangi ya vati. Kumbukeni jambo hili la hewa, kwa maana litatusaidia mbele.

Baada ya kazi, beseni hubaki na vitu vinne: rangi ambayo haikuingia kwenye kitambaa, mabaki ya nta, haidrosalfaiti, na kostiki. Rangi twaiona. Nta twaiona ikielea. Haidrosalfaiti hunusa vibaya kama kiberiti kilichowashwa. Kostiki haionekani wala hainuki, na ndiyo iliyofanya maji ya mzee wetu yateleze mkononi.

Kostiki ni kali sana. Huunguza ngozi na yaweza kupofusha jicho. Samaki na vidudu vya majini hufa ikimwagwa kwao. Lakini mimi ni bwana shamba, na niwaambie inavyofanya udongoni. Ndani ya kostiki mna kitu kiitwacho sodiamu. Kitu hicho hicho kimo katika chumvi na katika magadi. Udongo mzuri una vijitundu. Maji na hewa hupita humo, na mizizi hupumua. Sodiamu ikizidi, chembe za udongo huachana na kuziba vijitundu. Udongo ukilowa huwa kama ugali mbichi. Ukikauka huwa kama sakafu. Mvua ikinyesha maji hayaingii, hukimbia juu. Nyote mmepita mahali penye magadi katika mbuga zetu, mkaona hapaoti hata nyasi. Shamba la mboga likimwagiliwa maji ya kostiki au ya chumvi mwaka hadi mwaka hufuata njia hiyo.

Na rangi yenyewe je? Rangi ya nguo imetengenezwa isichujuke kwa jua wala kwa sabuni. Basi ikiingia majini haiozi upesi kama majani au kinyesi. Huzuia mwanga usifike chini, na mimea ya majini haiwezi kujitengenezea chakula. Si kila rangi ni sumu kwa mtu. Lakini zipo zinazovunjika na kutoa vitu vinavyoweza kuleta saratani. Nchi za Jumuiya ya Ulaya zilikubaliana mwaka 2002 kupiga marufuku rangi za namna hiyo katika nguo zinazogusa ngozi. Mnunuzi wa dukani hawezi kuzitofautisha kwa macho. Kopo lisilo na jina la rangi wala la mtengenezaji, ninyi msilinunue, hata kama bei yake ni ndogo.

Hapo zamani hakukuwa na rangi za viwandani. Rangi zilitoka katika magome, majani, mizizi na wadudu. Mwaka 1856 kijana mmoja wa London, William Perkin, mwenye umri wa miaka 18, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Kwinini hakuipata. Katika chupa yake alipata uchafu mweusi, na uchafu huo ulipoyeyushwa ulitoa rangi nzuri ya zambarau. Viwanda vya rangi vikaanzia hapo. Sisi tunaoumwa malaria tungependa afaulu ile kazi ya kwanza, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Wapo wanaosema turudi kwenye rangi za miti, eti hizo ni salama. Mimi sikubali moja kwa moja. Rangi nyingi za miti hazishiki kwenye pamba mpaka zitiwe dawa ya kushikisha. Dawa hiyo ikiwa shabu, madhara si makubwa. Ikiwa ni dawa yenye kromiamu au shaba, maji yake yaweza kuwa mabaya kuliko ya kostiki. Tena ukimaliza magome ya miti ya kijiji kwa ajili ya rangi, mimi na wewe tutakuwa na ugomvi mwingine.

MCHANGA HAUFICHI KITU

Akina mama wale wanasema walimwaga maji kwenye mchanga mkavu, na maji yalipotea. Hawakumwaga kisimani. Ni kweli, lakini korongo la mchanga si kavu kama linavyoonekana.

Wakati wa kiangazi makorongo yetu huwa mchanga mtupu. Lakini chini ya mchanga maji yapo, na yanatembea polepole kufuata mteremko. Kama hayapo, kwa nini sisi huchimba hapo kutafuta maji? Mtu akimwaga kostiki juu ya korongo, imeingia katika maji yale yale. Leo haionekani. Baada ya siku au majuma, aliye chini anaikuta ndooni. Mvua ya kwanza ikija, kilichobaki juu kinasombwa chote kwa pamoja. Makorongo ya upande wa mji wa Mpwapwa huingia Mto Kinyasungwe. Mto huo hupita Gulwe na kuteremka kuelekea Kilosa, na maji yake huishia Mto Wami na bahari. Watu wa huko nao wanapika ugali.

Wengine wameshauri maji yamwagwe chooni. Hapana. Kostiki huua vijidudu vinavyoozesha kinyesi, na maji ya shimo la choo nayo hunywea chini.

Sheria nayo iko wazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita 60 ni kama hatua ndefu 80 za mtu mzima. Nyumba ya kikundi, kwa maelezo ya barua, haifikishi hatua 30. Kwa hiyo mzee wa kamati ana sheria upande wake. Kazi ya kutia rangi hapana budi ihamishwe kutoka hapo. Serikali ya kijiji iwape kiwanja kingine, tena iwape mapema, wala isijifiche nyuma ya sheria kuwanyima akina mama riziki.

WAKUBWA NAO

Nitasema jambo moja ambalo wengine hawapendi kulisikia. Ni rahisi sana kumkemea mama mwenye beseni. Ni vigumu kumkemea mwenye kiwanda.

Mlioishi Dar es Salaam mnaujua Mto Msimbazi. Kwa miaka mingi mto huo na vijito vyake vimepokea maji machafu ya jiji, na miongoni mwake maji ya viwanda vya nguo. Wakati huo huo watu wamelima mchicha na matembele katika bonde lake na kumwagilia maji ya mto. Watafiti walipopima mboga na udongo wa bonde hilo walikuta madini mazito kama risasi. Si viwanda vya nguo peke yake vilivyoleta hayo. Gereji zimo, vyoo vimo, na takataka zimo. Lakini mlaji wa mchicha hakuulizwa.

Kisa kinachonigusa zaidi kama mtu wa kilimo ni cha India. Kusini mwa nchi hiyo, katika jimbo la Tamil Nadu, uko mji uitwao Tirupur. Hushonwa huko fulana nyingi ambazo huuzwa duniani kote. Mamia ya viwanda vya kutia rangi vilimwaga maji yake katika Mto Noyyal. Viwanda vile vilitumia rangi ya aina nyingine, inayohitaji chumvi nyingi ili ishike kwenye pamba. Chini ya mji serikali ilijenga bwawa la Orathupalayam, likakamilika mwaka 1992, ili wakulima wamwagilie mashamba yao. Bwawa likajaa maji ya viwanda. Wakulima walipoyatumia, mashamba yaliharibika na maji ya visima yakawa ya chumvi. Bwawa walilongoja kwa hamu wakaomba lisifunguliwe tena kuelekea kwao.

Wakulima wale walikwenda mahakamani. Kesi ilichukua miaka mingi. Mwezi Januari mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Madras iliamuru viwanda vya kutia rangi vya Tirupur vifungwe, zaidi ya 700, mpaka vitakapoacha kabisa kumwaga maji mtoni. Watu wengi walikosa kazi. Baadaye viwanda vilianza kufunguliwa tena kwa kujenga mitambo ya pamoja. Mitambo hiyo husukuma maji machafu katika vichujio vyenye matundu madogo mno. Maji safi hurudi kiwandani kutumika tena. Maji ya chumvi yanayobaki huchemshwa mpaka yakauke, na chumvi hutumika tena. Ni kazi ya gharama kubwa na hula nishati nyingi. Lakini mto haupelekewi kitu.

Nimesimulia haya kwa sababu moja. Viwanda vya Tirupur vilikuwa vimejenga mitambo ya kusafisha hata kabla ya hukumu. Mitambo ile iliondoa rangi kwa kiasi, ila chumvi ilibaki. Mtu akitazama maji aliona yamekuwa meupe, akaridhika. Shamba halikuridhika. Kwa hiyo yeyote atakayekuja kijijini na pipa la mchanga na mkaa, akatoa maji meupe na kusema kwamba sasa yanafaa kwa bustani, mwulizeni habari za chumvi na kostiki.

TUFANYE NINI SASA

Sisi hatuna mitambo ya Tirupur. Tuna jua na upepo. Hapa kwetu jua huvuta maji mengi kwa mwaka kuliko mvua inayoletwa na mawingu. Siku zote tunalilalamikia. Kwa kazi hii tulitumie.

Kwanza, punguzeni maji yenyewe. Katika barua katibu anasema wanatia rangi Jumanne na Ijumaa, na kila siku hiyo hutumia lita 200. Hizo ni madumu 10 ya lita 20, yaliyobebwa kichwani. Sehemu kubwa ni maji ya kusuuza. Suuzeni kwa mabeseni matatu yaliyopangwa mstari. Kitambaa kianzie beseni la kwanza, kiende la pili, kimalizie la tatu lenye maji safi. Beseni la kwanza likichafuka sana, lile tu ndilo limwagwe pipani. La pili liwe la kwanza, la tatu liwe la pili, na maji mapya yatiwe katika beseni la mwisho. Mtaona tofauti siku ya kwanza, hasa shingoni.

Maji ya rangi yenyewe msiyamwage baada ya kitambaa kimoja. Anzeni na vitambaa vinavyotakiwa kukolea, kisha tieni vile vya rangi hafifu katika maji yale yale. Pimeni rangi kwa kijiko cha kufutika, si kwa kukadiria kwa mkono. Wengi hutia rangi nyingi wakidhani kitambaa kitang'aa zaidi. Kitambaa kikishashiba, rangi inayozidi mmeinunulia maji.

Pili, tafuteni mapipa mawili. Pipa la kwanza ni la maji machafu. Acheni yapoe, kisha enguani nta inayoelea, kwa maana yaweza kuyeyushwa na kutumika tena. Koroga maji kwa mti mrefu asubuhi na jioni kwa siku mbili, mkiacha pipa wazi mahali penye upepo. Hapo ndipo lile jambo la hewa linapotusaidia. Hewa humaliza nguvu ya haidrosalfaiti. Rangi ya vati hurudi kuwa chembe, na chembe huzama chini zenyewe. Fungeni uzio ili watoto na mifugo wasifike.

Tatu, punguzeni ukali wa kostiki kwa siki. Msitie siki kabla ya siku mbili za kukoroga. Siki ikikutana na haidrosalfaiti hutoa hewa inayokaba koo, na mwenye pumu yaweza kumdhuru sana. Tieni siki kidogo kidogo huku mkikoroga, kisha pimeni kwa karatasi ya litmasi. Mwalimu wa sayansi wa shule ya sekondari anaijua. Karatasi nyekundu ikigeuka bluu, maji bado makali. Isipogeuka, imetosha.

Ikiwa chembe za rangi zinakataa kuzama, tumieni shabu, lile jiwe jeupe la kinyozi. Lisageni na kuliyeyusha katika maji. Msikimbilie kulitia katika pipa zima. Chukueni chupa tatu, jazeni maji ya pipa, tieni kijiko kimoja cha maji ya shabu katika ya kwanza, viwili katika ya pili, vitatu katika ya tatu. Tikiseni na mziache kwa saa moja. Chagueni chupa iliyotakata kwa shabu kidogo kuliko zote, kisha pigeni hesabu ya pipa. Hesabu hii yaweza kufanywa na mwanakisomo yeyote.

Maji yaliyotulia yapitisheni pipa la pili, lenye kokoto chini, chenga za mkaa katikati, na mchanga uliooshwa juu. Hata yakitoka meupe, bado si maji ya bustani. Yana sodiamu. Yaende kwenye dimbwi la kukaushia.

Dimbwi lenyewe ni shimo la kina cha futi moja, urefu wa mita 4 na upana wa mita 3. Sakafu yake itandikwe nailoni nzito isiyo na tundu, na kingo ziinuliwe kwa udongo ili maji ya mvua yasiingie. Hesabu yake ni hii. Maji ya kimo cha milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Tukadirie kwa tahadhari kwamba jua la kiangazi huvuta milimita 5 kwa siku. Dimbwi lina mita za mraba 12. Mara 5 ni lita 60 kwa siku. Kwa juma moja ni lita 420. Kikundi kinamwaga lita 200 mara mbili kwa juma, yaani lita 400. Basi dimbwi moja linatosha, na mkisuuza kwa mabeseni matatu litabaki na nafasi.

Wakati wa mvua hesabu hii haifai. Mvua ikianza, ama dimbwi liezekwe kwa nailoni iliyoinuliwa juu ya nguzo, upepo upite chini, ama kazi ya kutia rangi isimamishwe. Miezi hiyo akina mama wengi wako shambani hata hivyo.

Tope linalobaki katika pipa na dimbwi likauke kabisa, likusanywe katika mfuko imara, na lifukiwe katika shimo lililotandikwa nailoni, mbali na maji na mahali pasipofikiwa na mafuriko. Lisitupwe katika mbolea wala lisichomwe moto.

Wapo watakaouliza habari za mabwawa ya matete. Ni njia nzuri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamezifanyia kazi kwa miaka mingi bustani za kokoto na matete za kusafisha maji ya vyooni ya shule na taasisi nyingine. Mizizi na vijidudu hula uchafu. Lakini matete hayali chumvi, na kostiki kali huyaua. Kikundi kidogo cha watu 12 kianze na dimbwi.

Jambo moja la kununua. Kama maelezo ya rangi yanataka kostiki na haidrosalfaiti, hiyo ni rangi ya vati, na mpango huu unaifaa. Kama yanataka chumvi na magadi, hiyo ni aina ya Tirupur. Hiyo haizami kwa hewa, sehemu kubwa zaidi hubaki majini, na shabu huishika kwa shida. Mimi ningenunua ya vati.

NANI ATALIPA

Mapipa, nailoni na siki vina gharama. Katibu atasema fedha haipo. Namwomba aichukue bei ya kitambaa kimoja na kuandika chini yake kila kitu: pamba, rangi, kostiki, nta, kuni, usafiri. Je, ameandika maji machafu? Kama hakuandika, gharama hiyo ililipwa na wenye mboga zilizokauka. Ongezeni kidogo kwa kila kitambaa mpaka nailoni ilipwe. Na mnapoomba mkopo wa vikundi wa halmashauri, andikeni dimbwi na mapipa ndani ya maombi yenu tangu mwanzo, msiyaache yawe jambo la baadaye.

Kamati ya maji nayo ina kazi. Visima vile visitumike kwa kunywa wala kumwagilia mpaka vipimwe. Wapelekeeni habari watu wa RUWASA wilayani ili maji yapimwe, na msubiri majibu kabla ya kushitakiana. Wenye mboga wasilime tena kwenye matuta yale msimu huu. Nitafika mwenyewe na koleo kuutazama udongo wao.

Mzee ameuliza pia, mwisho wa barua, kama mbuzi waliokunywa maji ya zambarau wanaweza kuliwa. Kama ni wazima, wanakula na kucheua, sioni sababu ya kuwachinja kwa hofu. Kama mdomo una vidonda au wanatoa ute mwingi, kostiki imewaunguza. Wapeni maji safi mengi, msiwanyweshe mafuta wala maziwa kwa nguvu, na mwiteni bwana mifugo awaone kabla ya mtu yeyote kunoa kisu.